Kumpimia Mtoto Kitabu

Mtoto wa Msambweni akitimiza miaka saba huwa amekwisha kujua kusoma kwa pande mbili. Asubuhi, shuleni, jicho lake hutoka kushoto likaenda kulia. Alasiri, chuoni, hutoka kulia likaja kushoto. Nyumbani amelelewa kwa Chidigo, Kiswahili amekiokota dukani na kwenye matatu, Kiingereza kinamngoja kitabuni, na Kiarabu anakisoma kwa sauti kabla hajajua maana yake. Mgeni akistaajabu, wenyeji watamstaajabia yeye, maana toka Likoni hadi Lunga Lunga hilo si jambo la kupigiwa ngoma.

Mimi naona tungelipigia, hata kidogo. Tena wapo watu katika pwani hii ya kusini ambao kazi yao, wengine kwa mshahara na wengine kwa dua tu, ni kuamua macho hayo yatue wapi: mtoto asome nini leo, kipi kisubiri, na kipi asikione kabisa. Ni ufundi wenye vyombo vyake na siri zake, ila mafundi wake hawana kibao mlangoni.

Nianze na maalim. Pita alasiri karibu na chuo chochote kati ya Tiwi na Vanga usikilize. Watoto ishirini au thelathini wameketi jamvini, kila mmoja na mahali pake: huyu bado yuko kwenye alifu kwa kijiti, yule ameingia Juzuu Amma, wale wakubwa wa nyuma wanakaribia kuhitimu. Wote wanasoma kwa sauti, kwa pamoja, na ni nadra wawili kuwa katika aya moja. Kwa sikio lisilozoea ni kelele tupu. Maalim amejiinamia, tasbihi mkononi, utadhani amesinzia. Ghafla anasema "Rudia," bila kuinua uso, na katika sauti zote zile anayenyamaza ni mtoto mmoja tu, yule wa pembeni aliyeipita madda bila kuivuta. Anajua ni yeye aliyeambiwa. Anarudia, anavuta panapovutwa, kelele inamfunika tena.

Nilipata kumwuliza maalim mmoja huwa anasikiaje. Akaniambia yeye hasikilizi watoto, husikiliza aya. Zote anazijua zilivyo, basi kinachopinda hujitokeza chenyewe. Alisema hivyo kwa namna ya mtu aliyeulizwa vipi anapumua.

Lakini kinachonivutia zaidi ya sikio lake ni mpangilio wa masomo. Mtoto hafunguliwi Msahafu mwanzoni. Akishamaliza alifu na irabu zake na kuishika Fatiha, hupelekwa mwisho kabisa, kwenye An-Nas yenye aya 6, kisha Al-Falaq yenye 5, kisha Al-Ikhlas yenye 4, na hivyo hivyo akirudi kinyumenyume mpaka An-Naba yenye aya 40, inayofungua ile juzuu ya thelathini. Al-Baqara, ya pili katika Msahafu, ina aya 286. Mtoto akianzishwa hapo atazeeka jamvini. Kwa kuanzia mwisho, siku chache tu na amekwisha kumaliza sura nzima, tena sura atakayoisalia jioni hiyo hiyo. Waliopanga hivyo walijua kwamba msomaji mchanga ana njaa ya kumaliza kitu. Na kwa kuwa kila mtoto yuko mahali pake, mwepesi wa kushika haambiwi awangoje wenziwe, wala mzito hasukumwi. Shule zetu za mbao na chaki zimechukua muda mrefu sana kulifikia jambo hilo dogo.

Yapo yaliyofanyika, hata hivyo, na yalifanyika papa hapa. Kati ya mwaka 2010 na 2012 watafiti wa mradi ulioitwa HALI walifanya kazi katika shule 101 za serikali kwenye wilaya za Kwale na Msambweni, kama zilivyoitwa kabla ya kuja kaunti, wakiwafuatilia watoto zaidi ya 5,000. Walikuwa na maswali mawili. Je, kumpima mtoto malaria pale shuleni na kumtibu kutamsaidia kujifunza? Na je, kumsaidia mwalimu wa madarasa ya chini kutamsaidia mtoto kusoma? Lile la kwanza, ambalo wengi tungeliwekea dau, halikuleta tofauti iliyotarajiwa. La pili lilileta. Waliokaa madarasani kutazama waliona mwalimu akisema na darasa zima likiitikia, mwalimu akisema na darasa likiitikia, na macho ya watoto yakikutana na maandishi kwa nadra. Walimu wakapewa mafunzo, mwongozo wa vipindi uliopangwa hatua kwa hatua, na kila wiki ujumbe mfupi wa simu wenye kidokezo cha kufundishia na neno la kutia moyo. Baada ya miaka miwili wanafunzi wao walikuwa wakisoma vizuri kuliko wenzao. Walioacha shule kwao walikuwa asilimia 2.1, ilhali katika shule zisizopata msaada huo walikuwa asilimia 5.3. Mtoto anayeweza kusoma haoni sababu ya kukimbia darasa.

Ule ujumbe wa simu nimeupenda kupita kiasi. Mwalimu amesimama peke yake mbele ya darasa lililofurika, chaki imebaki kipande, na simu mfukoni inatikisika kumwambia kuna mtu anayekumbuka kwamba leo ni zamu ya sauti fulani. Hakuna kilichonunuliwa cha kujivunia mbele ya kamera.

Sasa mtoto amejua kusoma. Hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinapotuhadaa, kwa maana tahajia yake haina hila. Mtoto akishashika silabi, ba be bi bo bu mpaka mwisho, atakusomea chochote utakachomwekea mbele: gazeti, Katiba, karatasi ya dawa ya minyoo. Atasoma bila kukwama, wazazi watajaa raha, jirani ataitwa aje kusikia. Mtoto wa Kiingereza wa umri huo bado anahangaika na maneno yanayoandikwa hivi na kutamkwa vile. Wetu amekwisha kuruka ukuta huo. Kwa hiyo mwenye kichwa chepesi huku kwetu huonekana msomaji mkubwa mapema mno. Anasoma vizuri, ndiyo. Anachokisoma kimeingia wapi, hilo halisikiki kwa masikio.

Namjua mwanamke mmoja anayelisikia. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaishi upande wa Msambweni, na jina lake nimeliacha kwa kuwa hapendi kuandikwa. Watoto humwita Mwalimu, na watu wazima pia. Sebuleni ana kabati la vioo ambalo kwa watu wengine lingekuwa la vikombe vya wageni. Lake limejaa vitabu, vingi havina majalada ya asili, vimevishwa karatasi ya kaki na kushonwa mgongoni kwa uzi wa mshipi, ule wa kuvulia samaki. Anasema selotepu huliwa na joto la pwani mwaka mmoja tu, lakini uzi wa mshipi umezoea chumvi.

Siku moja nikiwa kwake alikuja baba mmoja na binti yake wa miaka saba hivi. Baba alikuwa na haraka ya fahari. "Mwalimu, huyu ana kichwa. Mpe kitabu kikubwa."

"Shikamoo, Mwalimu," mtoto akasema, ukucha mdomoni.

"Marahaba mwanangu. Karibu kitako."

Hakwenda kabatini. Alimwuliza mtoto chuoni amefika wapi, nyumbani analala na nani, bibi yake bado anasuka ukili au macho yamekataa. Kisha akainuka, akatoa vitabu vitatu, akavitandaza mkekani bila neno na kwenda jikoni kuitazama chai. Nilimfuata. Chai haikuwa na haja ya kutazamwa. Alisimama nyuma ya pazia la mlango.

Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene. Binti alikifungua akasoma ukurasa mzima kwa sauti ya kumfikia baba yake, mbio mbio, bila kituo, akakifunga. Cha pili kilikuwa na picha. Alizipitia zote kama mtu anayehesabu chenji, akakiweka kando. Cha tatu alikianza kwa sauti vile vile. Mstari wa nne au wa tano sauti ikashuka. Midomo ikaendelea kucheza kidogo, kisha nayo ikasimama. Binti akavuta miguu, akajilaza ubavu, ukucha ukarudi mdomoni.

"Huyo hapo," Mwalimu akaninong'oneza.

Ndicho alichokuwa akikingoja, midomo inyamaze. Anasema mtoto anayewasomea watu hutumia midomo, na anayejisomea huisahau. Hajali kitabu cha darasa la ngapi. Anatazama ni mstari gani mtoto alipoacha kujua kwamba anatazamwa.

Kitabu kile kilikuwa cha hekaya za Abunuwasi. Mwalimu alirudi, akamimina chai, akamwacha mtoto amalize kisa alichokuwa nacho. Hakumwuliza kama ameelewa. Mtoto wa pwani akiulizwa na mtu mzima kama ameelewa atajibu ndiyo, hiyo ni adabu, wala haina uhusiano na kuelewa. Alimwambia tu, "Msimulie babako, yeye hajakisoma." Binti akasimulia kisa cha sufuria: Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake akisema imezaa, jirani akapokea kwa furaha, mara ya pili akaiazima asirudishe, akasema sufuria imekufa. Binti alikisimulia sawasawa, hakuacha kitu, na alipofika mwisho aliihurumia sufuria.

Baba alicheka sana. Mwalimu hakucheka. "Kichwa anacho, mashaallah," alimwambia. "Hila bado hajaiona. Mwache na Abunuwasi, na akimaliza arudie." Baba alionekana kama mtu aliyekuja kuchukua ng'ombe akapewa mbuzi, lakini kwa Mwalimu hakubishiwi.

Fundi wa Ukunda akimshonea mtoto kanzu ya Idi huacha pindo nene kwa ndani, lifumuliwe mwaka ujao. Vitabu vya Mwalimu ndivyo anavyovichagua. Kwa ukubwa wa leo vinamtosha mtoto, anavivaa, anacheza navyo, na ndani kuna kitambaa kilichokunjwa. Mwaka ujao binti yule atasoma kisa kile kile na kumwona jirani mwenye tamaa, ambaye hakuuliza chochote sufuria ilipozaa. Kitabu kinene cha kwanza kingemwangukia hadi kwenye vifundo vya miguu, akajikwaa, akasema kusoma hakumfai.

Kabati lenyewe halikupangwa kwa darasa wala kwa umri. Rafu ya chini kabisa, inayofikiwa na mtoto aliyeketi, ina visa vya mnyororo, vile ambavyo jambo moja hubeba jingine na maneno hurudi na kurudi. Anachokipenda hapo ni kisa cha mwalimu Goso, aliyekuwa akifundisha watoto kusoma chini ya mti, tunda likaanguka likamwua. Wanafunzi wanatoka kumtafuta muuaji. Wanaukamata upepo, upepo unasema kama ungekuwa na nguvu usingezuiwa na ukuta, ukuta unasema kama ungekuwa na nguvu usingetobolewa na panya, na kadhalika hadi wanamfikia paa. George Bateman alikichapa kwa Kiingereza mwaka 1901 katika mkusanyo wake wa hadithi za Zanzibar, lakini mabibi wa pwani hawakumngoja Bateman. Kwa msomaji mchanga kisa hiki ni hazina: kila ukurasa una maneno anayoyajua tayari na jipya moja tu, na mwisho wake mtoto huwa amesoma ukurasa mrefu bila kugundua. Tena, kama sura fupi za Juzuu Amma, kinamalizika.

Nilimwuliza Mwalimu kama haoni ubaya kuwapa wanafunzi kisa ambacho mwalimu anakufa mstari wa tatu. Alisema ndiyo maana wanakipenda.

Rafu ya kati ina Adili na Nduguze, ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Kwa mtu wa Vanga huyo ni jirani kuliko mtu wa Nairobi. Kisa kinamhusu liwali ambaye kila usiku huwachapa manyani wawili huku akilia, kisha huwalisha, na mfalme Rai anataka kujua kwa nini. Lugha yake ni nzito kwa mtoto. Lakini Mwalimu huwapa watoto wa Diani kabla ya wengine, na sababu yake ni ya kifundi hasa: mtoto wa Diani amekua na nyani. Wanamnyang'anya mkate wake, wanapekua jaa la hoteli, anawajua kwa uso. Akiambiwa kwamba wale wawili wanaochapwa ni ndugu wa liwali mwenyewe, atavumilia misamiati mingapi sijui ili ajue ilikuwaje. Mtoto wa bara ndani, wa Kinango, hupewa kitu kingine kwanza. Hili la kutazama mtoto amekua na nini halimo katika orodha yoyote ya vitabu niliyowahi kuiona.

Pia kuna kamusi. Watu hawaiweki kamusi mahali pa watoto, yeye ameiweka katikati: Mgombato, kamusi ya Chidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotoka Nairobi mwaka 2004. Anasema mtoto mwerevu kweli hupenda kamusi kama wengine wanavyopenda mpira, kwa sababu haina mwanzo wala mwisho na hakuna mtu mzima atakayemwuliza imefundisha nini. Yupo kijana aliyeiazima ili atafute matusi. Hakuyapata aliyoyataka, akapata maneno ya nyanya yake yakiwa yameandikwa, akakaa nayo likizo nzima. Watoto hawa wanafundishwa mapema kwamba lugha ya nyumbani ni ya kusemea na ya kitabuni ni nyingine. Kuliona neno la jikoni kwao limechapwa kwa wino huwafanyia jambo ambalo mhadhara haufanyi.

Rafu ya juu hufunguliwa kwa mazungumzo. Huko ndiko iliko nakala yake ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, imechakaa, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Frederick Johnson aliitafsiri mwaka 1929, na wenzake na yeye wakaleta Kisiwa chenye Hazina, Safari za Gulliver, Alfu Lela Ulela. Mwaka 1940 ikaja Elisi katika Nchi ya Ajabu. Kwa miaka mingi maofisa wachache ndio walioamua mtoto wa Afrika Mashariki asome nini kwa Kiswahili. Na lazima isemwe kwamba masikio walikuwa nayo: Kiswahili cha tafsiri zile kinateleza kuliko cha vitabu vingi tunavyowanunulia watoto leo. Macho ndiyo yaliyokuwa na kasoro. Katika Mashimo, Mwafrika mara nyingi yuko kwa ajili ya kubeba mizigo na kufa vizuri. Mwalimu hakukichoma kitabu hicho, wala hampi mtoto wa miaka tisa. Humpa akifika miaka kumi na tatu hivi, na akikirudisha humwuliza swali moja: ungependa kuwa nani humo? Ukimya unaofuata ndio somo lenyewe, anasema, na hauongezei neno.

Kuna mama mmoja aliyemaliza suala hili la kuchagua kwa kuandika mwenyewe. Mwana Kupona binti Msham, wa Pate, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia utendi binti yake, Mwana Hashima, amwachie. Tunaubishania hadi leo, kwamba umemfunga mwanamke au umempa silaha ya kuishi. Mimi husimama kwanza mbele ya kitendo chenyewe: mama anajua hatakuwapo, anafikiri binti yake atahitaji kusoma nini asipokuwapo, anakaa kuandika. Sijui kipimo cha juu zaidi ya hicho.

Sisi wengine tunachagua katika vilivyopo, na vilivyopo ni vya aina tatu. Kwanza vile vya serikali: tangu mwaka 2018 vitabu vya kiada hununuliwa moja kwa moja kwa wachapishaji na kupelekwa shuleni, na orodha ya vilivyoidhinishwa hutoka Nairobi. Hilo ni jema, sina neno nalo. Gazi wameongeza na lao. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa wanakijiji wa Gazi na Makongeni, umekuwa ukilinda hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013 na kuuza kaboni inayohifadhiwa humo, na sehemu ya fedha imenunua vitabu vya shule. Mikoko imejenga nyumba na kuchoma chokaa pwani hii karne nyingi, na sasa inanunua vitabu bila kukatwa.

Pili ni vitabu vya marudio, maswali na majibu, vilivyopangwa hadi darini katika maduka ya vitabu. Mtihani wa KCPE ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini vitabu hivyo havikuondoka nao, vilibadilisha majalada tu. Mzazi mwenye mtoto mwerevu huvinunua kwa moyo mweupe, akidhani anamlisha. Mwalimu hana maneno makali kwa wazazi hao, kwa kuwa anajua shilingi zile zimetoka wapi. Ila kabatini kwake havimo.

Tatu ni maboksi ya msaada. Diani ina wageni wengi, na wageni wana mioyo mizuri na rafu zilizojaa huko kwao, kwa hiyo vitabu huja. Wengi huwapokea wageni kwa shukrani na kuyaacha maboksi pembeni mpaka mchwa wayamalize. Mwalimu huyafungua jioni hiyo hiyo, akaketi chini, akagawa mafungu. Theluji haimsumbui: mtoto aliyemeza majini na mazimwi atashindwa vipi na theluji? Kinachorudi boksini ni kitabu ambacho mtoto mweusi ndani yake hana kazi ila kupokea, na kitabu kinachohubiri kabla ya ukurasa wa tatu. Kwa hili la mahubiri yeye hawaoneshi huruma hata wachapishaji wetu. Nakubaliana naye. Hadithi nyingi za Kiswahili za watoto zimeandikwa zikiwa na jicho moja kwa mtoto na jingine kwa kamati ya kuidhinisha, na mtoto mwerevu hutambua upesi ni jicho lipi lililo wazi. Akigundua kwamba kila kisa kinamalizikia kwenye onyo, atakuwa anasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho, na kwa kweli hatakuwa amekosa kitu.

Simu? Anayo, na ndani yake ana visa vya African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini ambao tangu mwaka 2014 umeweka hadithi fupi mtandaoni bure, Kiswahili kikiwamo. Huvitumia kwa wale wa rafu ya chini, mwanga wa stima ukikatika. Wakubwa hawapi simu. Hakueleza, na sikuona haja ya kuuliza.

Tuliwahi kubishana, na ilikuwa juu ya Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa na vijana wengi wa Kenya kama kitabu cha kutahiniwa. Yule binti wa Abunuwasi alikuwa amekua, yuko miaka kumi na miwili, amepanda rafu zote isipokuwa ile ya juu. Mimi nilisema apewe. Kijana anayeondoka Tanga kuja Kenya, barabara ile ile inayopita Lunga Lunga na kuingia Ukunda, mabasi ambayo binti huyaona kila siku: kitabu gani kingine kitamkaa hivyo? Mwalimu alisema angoje. Mna kifo cha mama humo mapema, alisema, na mama wa mtoto huyu yuko hospitali. Sikuwa na habari hiyo. Yeye alikuwa nayo, kama alivyokuwa na habari za ukili wa bibi.

Akampa Kurwa na Doto kwanza, ya Muhammad Saleh Farsy, ya kijiji na mapacha na wivu. Binti alikirudisha wiki iliyofuata, mama akiwa amekwisha kurudi nyumbani, na katika kusimulia akasema mapacha wale walikuwa na raha, walau walikuwa wawili, si kama Kongowea Mswahili aliyehangaika peke yake. Mwalimu hakuonyesha kushtuka kwamba jina hilo ni la Siku Njema. Alimwuliza kitabu cha nani. Cha kaka, binti akajibu, alikitoa chini ya godoro lake. Mwalimu akachukua daftari lake la kuazimishia, akaandika Siku Njema katika mstari wa binti, na mbele yake, mahali pa tarehe ya kurudisha, akaandika "amekwisha". Kisha akamwambia avute kiti, apande, achague mwenyewe kutoka rafu ya juu.